Nilichokisoma Shingoni mwa Jezi Mwaka wa Timu ya Vijana

Nyinyi mnaoanza kazi leo huja kuniuliza siri ya kudumu kazini miaka mingi pasi na kufukuzwa. Siri hiyo sina. Mimi nilifukuzwa mara tatu, na mara zote tatu nilirudi kazini kama kawaida, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kufua soksi za wanaume kumi na wawili.

Kazi yangu ilikuwa kufua na kushona jezi za timu ya mpira wa kikapu. Timu yenyewe ilikuwa ya kampuni ya mizigo, ofisi zake Makupa, na uwanja wake nyuma ya ghala: saruji tupu, ukianguka waacha ngozi. Kwangu mimi ni Kibokoni, Mji wa Kale. Kila Jumatatu nilikuwa napita vichochoroni na furushi kichwani, na wanawake wamekaa barazani wananingojea.

"Bi Saumu, kaptura za wanaume wote hao, mumeo ajua?"

"Ajua," nawajibu. "Yeye ndiye anayeanika."

Na kweli mume wangu ndiye aliyekuwa akianika, Mungu amrehemu, maana mimi mgongo ulikuwa ushaanza kunidai.

Shule niliishia darasa la pili. Kusoma vizuri nimejifunzia kwenye ngumbaru, nywele zishaota mvi. Basi wakati ule majina ya wachezaji sikuweza kuyasoma, na jezi zote kumi na mbili zafanana. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni dobi mmoja wa Kihindi, mzee sana, aliyekuwa na duka la kupiga pasi karibu na kwetu. Tukimwita Bhai. Alinifundisha kutia alama ya uzi ndani ya kila nguo: huyu mwekundu, huyu kijani, huyu mwekundu na kijani. Akanifundisha pia maji. Maji ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue mpaka iishe. Kwa hiyo maji ya kisima ni ya kulowekea na kutolea jasho, na maji matamu ya mkokoteni, yale ya kununua kwa mtungi, ni ya sabuni na ya mwisho tu. Anayechanganya anafua mara mbili. Na damu usiitie maji moto, utaipika ikae humo milele.

Lakini kubwa alilonifundisha Bhai ni hili. Kabla hujalowesha nguo, isome. "Anza na shingo, mama," alikuwa akiniambia. "Shingo itakwambia huyu mtu analala wapi, anakula nini, anajipaka nini." Mimi nisiyejua kusoma barua ya serikali nikawa nasoma shingo za watu kama msahafu.

Siwafichi, makosa nilifanya. Kosa lililonifukuzisha mara ya kwanza ni la nambari. Zile nambari za mgongoni zilikuwa za kubandika kwa gundi, nami nikachemsha jezi sufuriani nipate kutoa doa la kahawa. Nambari zote zikaelea juu kama maandazi. Nikazikusanya, nikazishona upya kwa mkono wangu, mshono mzuri kuliko wa fundi. Ila sita na tisa kwangu zilikuwa kitu kimoja, inategemea umesimama wapi. Basi siku ya mechi mchezaji wetu mwenye mikono mizito alikuwa anawakumba watu, karani mezani anamwandikia faulo mwenzake mpole. Faulo ya tano ilipofika, yule mpole akatolewa uwanjani na hajamgusa mtu tangu asubuhi. Alilia kama mtoto. Meneja akanifukuza palepale. Kesho yake nikaja, nikamkuta amekaa mbele ya lundo la soksi ameziba pua, akanisogezea beseni.

Mara ya pili sitaisema. Inamhusu mke wa meneja, naye bado yuko hai.

Mara ya tatu ndiyo niliyokusudia kuwaeleza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Timu ilikuwa imefungwa mpaka ikazoea. Meneja wakati huo alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita, mtu msafi, tai shingoni hata jua la saa saba. Alikuwa amenunua televisheni, akaona Wamarekani wanavyofanya: timu ikichoka wanawatoa wakubwa wote, wanaleta vijana, wanavumilia kufungwa msimu mmoja miwili, halafu vijana wakikomaa wanachukua vikombe. Akaja na ubao na chaki.

Kamati ikakaa kumsikiliza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Badi, wa kwetu Mji wa Kale, umri wake sabini na kitu, ndevu nyeusi kama chungu. Wajumbe wake wanne walikuwa wazee wa rika lake. Mimi nilikuwa nazungusha chai na viazi karai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Wazee wangu," asema Bwana Mwakio, "shida ya timu hii ni uzee."

Wazee watano wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja aliamshwa na mwenzake ili naye atikise.

Mpango ukaandikwa ubaoni. Kwanza, kila mchezaji aliyepita miaka ishirini na mitano aondoke. Pili, waletwe vijana watano wa kumi na tisa na ishirini, timu ijengwe juu yao. Tatu, tuvumilie. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowapendeza wazee kupita zote, maana ilikuwa haina kazi.

Sasa sikizeni shida ilipo. Nahodha wetu alikuwa Abdalla, tukimwita Dula, mtoto wa jirani yangu, nimemjua tangu anatambaa. Miaka ishirini na minane. Hakuwa mrefu sana wala hakuwa anaruka sana, lakini mpira ukiwa mkononi mwake wengine wote wanajua pa kusimama. Kampuni ilimwajiri kwa ajili ya mchezo: asubuhi karani wa kuhesabu magunia, jioni nahodha. Na sheria ya kampuni ilikuwa fupi. Ukitoka kwenye timu, na ukarani umetoka, na chumba cha kampuni unachoishi unakiacha. Mkewe alikuwa ndani ya arubaini, kitoto cha kike bado chekundu. Barua ya Dula ikapigwa chapa. Ikabaki kutiwa sahihi na Mzee Badi siku ya kuonyesha vijana kwa mkurugenzi, ili mambo yote yaende kwa heshima.

Vijana wakaja. Wawili walikuwa vijana kweli. Mmoja, Kazungu, mtoto wa Kilifi, alikuwa mrefu kama mlingoti na hajui aupeleke wapi urefu wake. Dula, na barua yake anaijua, alikuwa akibaki naye kila jioni. "Usinitazame usoni, nitazame kiuno. Uso wadanganya, kiuno hakijui," anamwambia, huku anamzunguka mpaka mtoto anajikwaa na miguu yake mwenyewe. Nikamuuliza, "Wewe Dula, unamfundisha kazi atakayekunyang'anya kazi?" Akasema, "Sasa nimwache acheze vibaya, Bi Saumu? Nitakuwa natazama."

Wale watatu wengine ndio walionitia shaka. Mkubwa wao alitoka timu ya Nairobi, ingawa kwao ni Voi, na karatasi zake zilisema kumi na tisa. Meneja alimpenda mpaka akampa jina la Toto. Toto alikuwa hodari, sisemi uongo. Anafunga akiwa mbali, anafunga akiwa karibu, anazungumza na refa kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonishtua kwanza. Mtoto wa miaka kumi na tisa hazungumzi na refa kama anayeomba mkopo.

Jumatatu ya kwanza nikafungua furushi. Zile kaptura tatu zilikuwa zinanuka dawa ya kuchua magoti, ile kali yenye mkaratusi, mpaka paka wangu akahama nyumba. Nikasema labda wameumia. Nikageuza jezi nisome shingo, kama nilivyofundishwa. Jezi zetu zilikuwa nyeupe. Shingoni, kwa nyuma, pana mstari mweusi, mpana kama kidole.

Nikatia limau, nikaanika juani. Haukutoka. Nikatia sabuni ya mche nikasugua mpaka kidole kikachubuka. Mstari ukanitazama tu. Nikaunusa, nikakaa chini kwenye sakafu nikacheka mpaka mume wangu akaja mbio.

Ilikuwa kanta. Ile rangi ya nywele ya kuficha mvi.

Na mtu aniulize nimeijuaje. Nimeijua kwa sababu mke wa Mzee Badi alikuwa akinipa foronya zake nifue, na foronya ya upande wa mzee ilikuwa na doa hilohilo tangu siku za nyuma. Mimi foronya ya mtu siitangazi. Nafua, nakunja, narudisha.

Alhamisi, baada ya Alasiri, nikasikia hodi. Toto huyo, amevaa shati la mikono mirefu, amesimama mlangoni kama aliyekuja kuposa.

"Msalkheri, Bi Saumu. Umeniita?"

"Nimekuita. Kaa. Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mama."

"Toto, mimi nafua nguo zako za ndani."

Akatazama mlango, akanitazama, mabega yakashuka. "Thalathini na minne," akasema. "Watoto watatu, wako Voi kwa mama yangu. Kule Nairobi nilipofika thalathini wakaniambia wanajenga timu upya kwa vijana. Nikakaa bila kazi miaka minne. Halafu nikasikia huku nako wanajenga upya kwa vijana."

"Ukafanyaje?"

"Nikawa kijana."

Nilitaka kumgombeza na kicheko kikanishika. Yeye hakucheka. Akapiga magoti pale sebuleni, magoti yenyewe yakalia kah! kah! "Nisitiri, mama. Nisitiri tu."

"Usiniite mama, mimi na wewe karibu tuwe rika."

Lakini neno lilikuwa lishatoka. Kwetu mtu akikuomba sitara huwezi kumvua nguo mbele za watu, hata awe mwongo namna gani. Nilimsindikiza mpaka nje, nikarudi nikakaa juu ya lile furushi. Nikimtaja, watoto watatu wa Voi hawana chakula. Nikinyamaza, Dula mwenye miaka ishirini na minane anafukuzwa kwa uzee, na mahali pake anakaa mtu wa thalathini na minne kwa ujana. Na sahihi ni Jumamosi.

Mchana kutwa wa Ijumaa niliwaza. Nikafua kila kitu. Kaptura, soksi, taulo, zikang'aa kama mayai. Zile shingo tatu tu sikuzigusa. Limau na jua vingeupunguza mstari hata kama haviutoi; sikuvitumia. Nikapiga pasi, nikazikunja mstari ukiwa juu. Mnaonijua mtaelewa nilivyoumia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyepata kuona nguo imetoka mkononi mwangu na doa. Nikafunga furushi haraka kama naiba.

Jumamosi asubuhi pakapigwa hema uwanjani. Mkurugenzi akaja, mtu mnene mwenye sharubu nyeusi zilizochongwa. Wazee watano mbele, sambusa mezani, na barua ya Dula chini ya glasi ya maji ya Mzee Badi isipeperuke. Dula mwenyewe kasimama kando, shati limepigwa pasi, kama mtu aliyekuja kwenye maziko yake na anataka kuonekana nadhifu. Vijana wakapangwa mstari, Bwana Mwakio akaanza kusoma umri wao kwa sauti. Halafu akawageuza, mkurugenzi aone nambari.

Mkurugenzi akaona shingo.

"Nini hii? Nani anafua hizi?"

Bwana Mwakio akashika tai yake. "Ni yule mama, bwana mkubwa. Amezeeka. Tunampumzisha naye leo, ni sehemu ya mpango." Akanigeukia. "Bi Saumu, tangu sasa huna kazi. Hujui kufua tena."

Jamani. Mbele ya watu wote. Mbele ya Dula niliyemwogesha. Toto aliniangalia, macho yake yanasema nisitiri, nisitiri. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikatoka mbio kwenda kwenye furushi la akiba, nikachukua jezi ya Toto ya mazoezi, yenye mstari uleule, nikaenda nayo moja kwa moja mbele ya Mzee Badi.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "mimi si msomi. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Ishike mwenyewe, uinuse, uniambie huu ni uchafu wa namna gani. Ukisema ni uchafu, nitakwenda zangu na sitarudi."

Mzee akaichukua. Akapitisha kidole. Akainusa mara moja, akasita, akainusa tena. Nikamwona anainua macho polepole kutoka shingo ya jezi mpaka usoni kwangu. Sikupepesa. Anajua kwamba najua. Akisema ni kanta, mtu atamuuliza ameijuaje. Akisema ni uchafu, anamwongopea mwanamke anayefua foronya zake. Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika ndevu, ukashuka haraka.

Wajumbe wakaomba nao waone. Jezi ikapita mikononi mwa wazee wanne, kila mmoja akainusa, kila mmoja akaipeleka kwa mwenzake haraka kama kaa la moto. Mkurugenzi akaipokea mwisho. Hakunusa. Alijipangusa sharubu kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, akakificha mfukoni.

Mzee Badi akakohoa.

"Kamati imekaa," akasema.

"Imekaa lini?" akauliza Bwana Mwakio.

"Sasa hivi. Nauliza, wajumbe: kijana ni nani?"

Swali zito. Mjumbe mmoja akasema kijana ni moyo. Wa pili akasema babu yake alioa akiwa na sitini na watu walimwita kijana. Mzee Badi akawaachia wakazunguka kidogo, halafu akakata: "Kamati inaona kwamba kijana ni mtu yeyote ambaye hajatimiza arubaini. Mwenye kupinga?"

"Lakini mpango unasema ishirini na mitano!" Bwana Mwakio akapunga makaratasi. "Umeandikwa ubaoni!"

"Ubao si utafutwa?" akajibu Mzee Badi. "Mwakio, mpango ni wako, kamati ni yangu. Na huyu mama amefua vizuri sana. Hiyo ni rangi ya jezi, jezi mbovu. Ziagizwe nyingine. Nyeusi."

"Busara," akasema mkurugenzi, mkono bado mfukoni.

"Sasa, kwa hesabu mpya," mzee akaendelea, "nahodha wetu ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minane," nikadakia mimi.

"Mdogo kabisa! Mtoto! Na ameshakomaa kimchezo. Basi timu ijengwe juu ya huyu." Akaivuta ile barua chini ya glasi, akatafuta pa kuiweka, akaona sambusa zimebaki mbili. Akazifungia ndani ya barua, akazitia mfukoni mwa kanzu azipeleke nyumbani. Mafuta yakaanza kuonekana kwa nje palepale, mahali pa sahihi.

Wanangu, msije mkafikiri tulichukua kikombe. Mwaka ule tulifungwa, na uliofuata tukafungwa kidogo, na wa tatu Kazungu akajua aupeleke wapi urefu wake, kwa sababu palikuwa na mtu wa kumpokeza mpira mahali na wakati wake. Bwana Mwakio alipewa cheti cha mpango bora. Toto aliacha kanta, kichwa kikatoka cheupe pembeni, akacheza misimu miwili akiitwa Toto vilevile na watu hawakuona ajabu. Nyinyi mkija kupewa timu au ofisi mjenge upya, haya, shauri yenu. Mimi nasema tu kwamba kabla hujaandika ubaoni nani mzee na nani kijana, nenda kwanza ukaulize anayewafulia.

Siku ile hema likifunguliwa nilikuwa nakusanya taulo. Dula akaja akasimama mbele yangu. Akashika taulo moja akawa anaisokota.

"Bi Saumu," akasema mwisho, "nimekuwa kijana."

"Nimesikia."

"Mke wangu amefunga vyombo tangu alfajiri. Amekaa juu ya kitanda na mtoto, anangoja nirudi na mkokoteni."

Nikamnyang'anya taulo aliyokuwa anaisokota, maana alikuwa anaiharibu.

"Basi unafanya nini hapa, wewe? Kimbia. Kamwambie afungue sufuria kwanza, mtoto anyonye mama ameshakula."

Akakimbia. Na kwa mtu aliyekuwa mzee mpaka saa nne ile ya asubuhi, wallahi alikimbia.